Meza ya Pili ya Maktaba: Mwongozo Kamili wa Kuwahudumia Wasomaji Mtandaoni

Msomaji akisimama mbele ya meza ya kuazimisha vitabu na kuuliza jambo, hakuna mkutubi atakayempa kisogo na kuendelea kubandika matangazo ukutani. Mtandaoni, hata hivyo, ndivyo maktaba zetu nyingi zinavyofanya: ukurasa wa Facebook umejaa picha za wageni rasmi wakikata utepe, na chini ya mojawapo ya picha hizo msomaji ameuliza kama maktaba hufunguliwa Jumamosi, na swali lake limekaa miezi mitatu bila jibu. Mwongozo huu ni wa mkutubi wa maktaba ya mkoa, wilaya, chuo au shule ambaye ana simu moja, kompyuta moja au mbili, bando la kubana na wenzake wawili watatu, naye anataka mitandao ya kijamii na zana shirikishi za wavuti ziwe huduma badala ya kuwa pambo. Msimamo wangu, baada ya kukaa kwa miaka upande wa ndani wa meza hiyo, ni kwamba mtandao ni meza ya pili ya maktaba, na kazi ya kwanza ya meza ni kujibu.

Hatua ya kwanza: anza na daftari

Kabla ya kufungua akaunti yoyote, weka daftari mezani kwa wiki mbili na uandike humo kila swali linaloulizwa, kwa maneno ya msomaji mwenyewe na si kwa lugha ya kitaalamu. Andika yanayoulizwa ana kwa ana na yanayoulizwa kwa simu, na usiyasahau yale anayoulizwa mlinzi getini, kwa maana katika maktaba nyingi mlinzi hujibu watu wengi kwa siku kuliko mkutubi mkuu. Wiki mbili zikiisha, yapange maswali hayo kwa mafungu. Kwa kawaida utakuta mafungu sita au saba tu: saa za kufungua na kufunga, ada na masharti ya uanachama, kama kitabu fulani kipo, kuongezewa muda wa kuazima, nafasi ya kujisomea wakati wa mitihani, intaneti, na lile ombi ambalo halikosi siku hizi, la kutumiwa kitabu kwa PDF.

Daftari hilo ndilo mpango wako wa kazi. Kila fungu lenye maswali mengi linadai jibu la kudumu mahali ambapo msomaji atalikuta bila kuuliza, na kila fungu linalohitaji mazungumzo linadai mtu wa kuzungumza naye. Maktaba inayoruka hatua hii huishia kuiga yanayofanywa na kampuni za vinywaji, yaani kushindania idadi ya wafuasi, ilhali wasomaji wake wanataka tu kujua kama Nane Nane mlango utakuwa wazi.

Hatua ya pili: wafuate wasomaji waliko

Mwaka 1996 shirika la maktaba la taifa la Kenya, KNLS, lilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kaskazini mashariki mwa nchi, kwa sababu jamii za wafugaji zilikuwa zikihama na jengo la maktaba haliwezi kuhama nazo. Uchaguzi wa mtandao unafuata hesabu hiyohiyo. Waulize wasomaji hamsini wanaoingia mlangoni wanatumia nini kila siku, kisha chagua viwili: kimoja cha kuzungumza na kimoja cha kuonekana. Kwa maktaba nyingi za Afrika Mashariki cha kuzungumza kitakuwa WhatsApp, na cha kuonekana kitakuwa Facebook au Instagram kulingana na umri wa wasomaji. TikTok na YouTube zinafaa ikiwa mmoja wenu anapenda kwa dhati kutengeneza video. Kama hayupo, ziacheni bila kuona haya.

Kipo cha tatu ambacho hakihesabiwi kuwa mtandao wa kijamii, nacho pengine kina faida kuliko vyote kwa jasho dogo kabisa: wasifu wa maktaba kwenye Google Maps. Udai wasifu huo kwa jina la taasisi, weka saa sahihi, picha ya lango jinsi linavyoonekana ukiwa barabarani na namba ya simu inayopokewa, kisha urekebishe saa kila zinapobadilika, iwe mwezi wa Ramadhani au sikukuu za Idi na Krismasi. Watu huacha maoni pale pia, na maoni hayo yajibiwe.

Kuhusu WhatsApp ni lazima kutofautisha njia zake, kwa sababu makosa mengi yanaanzia hapa. Kundi linaweza kuwa na watu hadi 1,024, lakini kila aliyemo anaziona namba za wenzake, na baada ya siku chache utakuta mikopo ya haraka, dawa za nguvu na sala za asubuhi zimelizika tangazo lako. Orodha ya kutumia ujumbe kwa wengi kwa mpigo huchukua watu 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako katika simu yake. Chaneli, ambazo zilianza mwaka 2023, huficha namba za wafuasi na haziwaruhusu kuandika humo, ingawa wanaweza kupiga kura unapowauliza jambo. Kwa hiyo matangazo yaende kwenye chaneli, maswali yaje kwenye namba ya maktaba moja kwa moja, na kundi liwe la wanaofahamiana tu, kwa mfano klabu ya usomaji isiyozidi watu arobaini.

Hatua ya tatu: akaunti ziwe za maktaba

Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo ukurasa wa maktaba ulifunguliwa na kijana wa mafunzo kwa vitendo kwa kutumia akaunti yake binafsi. Alipomaliza mafunzo akaondoka, namba yake ikabadilika, na ukurasa ukabaki hewani ukiwaonyesha watu saa za zamani na namba ya simu isiyopatikana. Tulifungua mpya, lakini kwa muda mrefu wasomaji waliendelea kuangukia ule wa zamani na kufika wakati mlango umefungwa.

Ili yasikukute hayo, fanya mambo manne kabla ya kuandika neno la kwanza. Fungua barua pepe ya ofisi isiyobeba jina la mtu, na akaunti zote zifunguliwe kwa hiyo. Nunua laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la taasisi, na simu yake ilale ofisini. Kila ukurasa uwe na wasimamizi wasiopungua wawili, na uthibitishaji wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada, uwashwe. Kwa WhatsApp ni tarakimu sita ambazo huandikwa na kufungiwa kabatini pamoja na mhuri. Mwisho, kukabidhi akaunti kuwe sehemu ya makabidhiano ya mtumishi anayehama, sawasawa na anavyokabidhi funguo.

Programu ya WhatsApp Business ni ya bure na inatosha kabisa. Inaruhusu kuunganisha hadi vifaa vinne zaidi ya simu yenyewe, hivyo wakutubi wawili wanaweza kujibu kutoka kwenye kompyuta zao kwa namba ileile. Kumbukeni tu kwamba simu kuu isipotumika kwa siku 14, vifaa hivyo hutolewa.

Hatua ya nne: kujibu

Hii ndiyo hatua yenye uzito, na sitaiharakisha.

Andikeni kwanza majibu mafupi ya maswali yaliyojaa kwenye daftari, kisha myaingize katika programu kama majibu ya haraka, ili mkutubi akiandika mkwaju (/) na neno «saa» au «ada» jibu zima litokee. Jibu la haraka ni mwanzo tu. Mkutubi aongeze jina la msomaji na salamu inayolingana na aliyopewa. Aliyeanza na shikamoo ajibiwe marahaba kabla ya kuelezwa habari za ada, la sivyo atahisi anaongea na mashine.

Wekeni pia ujumbe wa nje ya saa za kazi, na ahadi iliyomo iwe ya kweli. Ukiandika «tutakujibu baada ya muda mfupi» saa nne usiku, umedanganya. Andika hivi: «Ahsante kwa kutuandikia. Meza yetu hujibu Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2:30 asubuhi hadi saa 11:00 jioni. Ujumbe wako tutauona asubuhi.»

Sasa tazama swali lenyewe. Mwanafunzi anaandika usiku: «Habari za saa hizi, samahani naomba pdf ya jiografia form six.» Yapo majibu mawili ambayo nimeyaona yakitumwa na yote mawili ni mabaya. La kwanza ni «Hatutoi PDF», ambalo linafunga mlango. La pili ni faili lenyewe lililoskaniwa bila ruhusa, ambalo linaiingiza maktaba katika uvunjaji wa hakimiliki kwa maandishi na kwa namba yake rasmi. Jibu linalofaa, asubuhi, lina sura hii:

«Habari za asubuhi, karibu sana. Kitabu hicho kina hakimiliki, kwa hiyo hatuwezi kukituma kwa simu. Tunazo nakala nne: mbili zinaazimwa kwa siku 14, na mbili zinasomewa humu ndani. Nikuwekee moja mpaka kesho saa 10 jioni? Kama ndiyo, nitumie namba yako ya uanachama. Kama bado hujajiunga, njoo na kitambulisho cha shule, tutakusaidia.»

Jibu hilo limetoa sababu, limeonyesha kilichopo, limeweka mwisho wa muda ili kitabu kisikae bure, na limemalizia kwa swali ambalo msomaji anaweza kulijibu kwa neno moja. Wakutubi wapya niwafundishapo, huwapa maswali kumi ya daftari wayajibu kwa karatasi kwa mtindo huo kabla ya kushika simu.

Siri ya msomaji ni ileile ya mezani. Mtu akiuliza ni nani aliyeazima nakala ya mwisho, mwambie itarudi lini, si iko kwa nani. Msomaji akiandika namba yake ya uanachama hadharani chini ya picha, ifiche na umwandikie faraghani. Mwalimu akitaka orodha ya vitabu alivyoazima mwanafunzi fulani, mwelekeze kwa mwanafunzi mwenyewe. Na maneno makali yanayohusu huduma mbovu yasifutwe: jibu mara moja hadharani kwa upole, eleza kitakachofanyika, kisha endelea faraghani. Ya kufutwa ni matusi, ulaghai na taarifa binafsi za watu.

Hatua ya tano: katalogi inayozungumza

Wengi wakisikia mitandao ya kijamii huwaza picha na video, wakasahau kwamba katalogi ya maktaba yenyewe, yaani orodha ya vitabu vyake, inaweza kuwa shirikishi. Koha, programu huria ambayo ilitengenezwa New Zealand kwa ajili ya Horowhenua Library Trust na kuanza kutumika mwaka 2000, inatumika katika vyuo vikuu kadhaa vya ukanda huu, na jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Ndani yake msomaji aliyeingia kwa akaunti yake anaweza kuongeza muda wa kuazima, kuwekewa kitabu kilichoko kwa mwingine, kupendekeza kitabu kinunuliwe, kuandika maoni na kutengeneza orodha zake za vitabu. Nimekuta maktaba ambazo zimeisakinisha programu hiyo miaka mingi na haya yote yamezimwa, eti wasomaji watavuruga.

Yawasheni moja baada ya jingine, na mwanze na mapendekezo ya ununuzi, kwa sababu hayo yanaigusa bajeti na msomaji anayaona matokeo. Pendekezo likikubaliwa au kukataliwa, mfumo uliopangwa vizuri humtumia barua pepe aliyependekeza. Nanyi andikeni sababu ya kukataa kwa sentensi kamili, mathalani kwamba toleo jipya la kitabu hicho linasubiriwa. Maoni ya wasomaji hayaonekani mpaka mkutubi ayaidhinishe, basi hofu ya matusi haina msingi; kinachohitajika ni mtu mmoja wa kuyapitia kila Ijumaa.

Maktaba ambayo bado inatumia kadi kwenye droo haina haja ya kusubiri mradi wa kompyuta. Fomu ya Google yenye maswali manne (jina la kitabu, mwandishi, kwa nini unakihitaji, tukujulishe vipi) inatosha kupokea mapendekezo. Bandikeni msimbo wa QR wa fomu hiyo mwisho wa kila safu ya rafu, na chini yake mwandike anwani fupi kwa herufi kubwa kwa ajili ya wenye simu ambazo kamera zake hazisomi. Msiulize namba ya kitambulisho cha taifa. Hamna kazi nayo.

Hatua ya sita: vitu vya kuweka

Hapa panahitaji maneno machache kuliko watu wanavyodhani. Picha inayofanya kazi kuliko zote, kwa uzoefu wangu, ni ya migongo ya vitabu: toroli la vitabu vilivyorudishwa leo, limepigwa picha saa tisa alasiri karibu na dirisha, majina yakisomeka, na maneno mafupi chini yake, «Hivi vimerudi leo, bado havijapanda rafuni.» Msomaji hukuza picha kwa vidole viwili, akaona kitabu alichokisubiri tangu Pasaka, akaandika. Hakuna bango la kupambwa kwa rangi sita linaloleta mwitikio huo.

Mbali na hilo, wekeni ratiba ya wiki yenye vitu vitatu tu mnavyoweza kuvitimiza hata mmoja wenu akiwa likizo. Video isizidi dakika moja, kwa sababu msomaji anailipia, na taarifa muhimu isiwe ndani ya video peke yake. Tangazo likiwa la picha, saa na tarehe ziandikwe pia kwa maandishi ya kawaida, ili asiyeona vizuri asomewe na simu yake.

Wanaoomba vitabu vya kusoma kwenye simu wana haki ya kuelekezwa kwenye vya halali. African Storybook ya taasisi ya Saide, Afrika Kusini, na StoryWeaver ya Pratham Books, India, zina hadithi za watoto kwa Kiswahili zenye leseni huria, na unaweza kumtumia mzazi kiungo bila kumwibia mtu. Pale ambapo intaneti ni ya kubahatisha, Kolibri, programu ya bure yenye masomo, huwekwa kwenye kompyuta moja na wanafunzi wakaifungua kwa mtandao wa ndani wa jengo bila kutumia bando.

Hatua ya saba: waulizeni wasomaji wanachokijua

Januari 2008 Maktaba ya Bunge la Marekani iliweka picha zake za kale zipatazo 3,000 kwenye tovuti ya Flickr na kuwaalika watu wazieleze. Watu wakataja majina ya mitaa, ya wanamichezo, ya majengo yaliyokwisha kubomolewa. Maktaba ikahakiki, na katika mwaka huohuo zaidi ya kumbukumbu 500 za katalogi yake zikawa zimeboreshwa kwa taarifa hizo. Neno la kulishika hapo ni kuhakiki: maoni ya watu hayakuingia katalogini jinsi yalivyokuja.

Maktaba ya Tanga, Kigoma au Mombasa inaweza kufanya hivyo kwa picha kumi. Chagueni picha ambazo maktaba ina haki ya kuzitumia, wekeni moja kila Alhamisi, na muulize swali moja lenye jibu: jengo hili lilikuwa wapi, gari hili la abiria lilikuwa likienda wapi, shule hii sasa inaitwaje. Wazee hawatakuwa Instagram, lakini wajukuu watawaonyesha na kuandika kwa niaba yao. Andikeni kila jibu pamoja na tarehe, lithibitishwe na vyanzo viwili, ndipo liingizwe kwenye maelezo ya picha, na aliyelitoa ashukuriwe ikiwa ameridhia kutajwa.

Kazi iliyo karibu na hiyo ni Wikipedia ya Kiswahili, ambayo ilianza mwaka 2003 na ina makala nyingi zisizo na marejeo. Tangu 2016 wakutubi wa nchi mbalimbali hushiriki kampeni ya #1Lib1Ref, kila mmoja akiongeza walau rejeo moja. Chukueni makala ya wilaya yenu, tafuteni kitabu rafuni kinachothibitisha sentensi moja, mkiweke. Ni kazi ya dakika ishirini kwa anayeanza.

Hatua ya nane: picha za watu, hasa watoto

Kosa hili ni langu mwenyewe. Niliweka picha ya watoto watatu kwenye kona ya hadithi, wamekaa juu ya mkeka, vichwa vimeinamia kitabu kimoja. Picha nzuri kweli. Kesho yake asubuhi mama wa mmoja wao alifika, akasalimu, akasubiri foleni iishe, ndipo akanieleza kwa sauti ya chini kwamba jina la shule linasomeka kwenye sweta ya mwanawe, na yupo mtu ambaye hakutaka ajue mtoto anasoma wapi. Niliifuta palepale mbele yake, lakini ilikuwa imeshakaa usiku mzima.

Tangu hapo tunapiga mikono, vitabu na migongo ya watu. Uso wa mtoto hauwekwi bila idhini ya mzazi au mlezi kwa maandishi, na fomu inataja picha itawekwa wapi na jinsi ya kuomba iondolewe. Sheria nazo ziko upande wa yule mama: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo inadai idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Namba za simu mlizokusanya kwa ajili ya uanachama si ruhusa ya kumwingiza mtu kwenye kundi, mwulizeni kwanza.

Hatua ya tisa: kuhesabu

Wafuasi na alama za kupendwa ripotini viwekwe chini kabisa, kama bosi anavitaka. Rudini kwenye daftari la hatua ya kwanza na mlichoree safu tatu kwa kila mwezi. Ya kwanza ni idadi ya maswali yaliyokuja mtandaoni, na mangapi yalijibiwa ndani ya siku moja ya kazi. Ya pili ni vitabu vilivyotoka rafuni kwa sababu ya mtandao, ambavyo hujulikana kwa njia nyepesi: mkutubi anapoazimisha, anauliza «Umekijuaje kitabu hiki?» na kuchora mstari mmoja. Ya tatu ni maswali ambayo hatukuweza kuyajibu, yaliyonakiliwa neno kwa neno.

Safu hiyo ya tatu ndiyo inayopelekwa kwenye kikao cha ununuzi wa vitabu. Mwezi mmoja tuliikuta imeandikwa mara kwa mara ombi la vitabu vya ufugaji wa kuku, kutoka kwa watu ambao wengi wao hawakuwa wanachama. Vitabu vilipofika, tulimwandikia kila aliyeuliza kwa jina lake, na wa kwanza alifika kabla hatujamaliza kuvigonga mhuri.